Kutu ya Njia ya Mbale

Watu wa chuo cha reli waliniaga kwa keki, soda na hotuba. Msemaji alinisifu kwamba miaka yangu yote nilikuwa nikitengeneza "vile vitu vizuri vya kuchezea". Watu wakapiga makofi. Nilikula keki yao, nikarudi nyumbani Mafubira nimenuna, na kesho yake nikanunua daftari. Ninayaandika haya kwa ajili yenu mliobaki katika chumba cha mfano, ili siku yenu ya keki ikifika msikubali kuambiwa upuuzi kama huo mkanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Kwa yule ambaye hajaingia chumba kile: kuna meza ndefu inayozunguka kuta tatu. Juu yake kuna njia ya reli kutoka daraja la Nile hapa Jinja mpaka stesheni ya Mbale, imepunguzwa hadi injini inaenea kwenye kiganja. Hapo ndipo wanafunzi hujifunza kupokea treni, kuipa njia na kuvuta ishara, kabla ya kuaminiwa na treni za kweli zenye watu ndani. Reli zenyewe zilikuwa za mafundi wengine. Zangu zilikuwa vilima, vinamasi, miti, nyumba, na kazi tuliyoiita kuchakaza, yaani kukifanya kitu kipya kionekane kimenyeshewa mvua na kupigwa jua miaka ishirini.

Niliajiriwa kuandika majina ya stesheni kwenye vibao, maana nilikuwa na mwandiko. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa Mzee Mafabi, Mgisu wa Malukhu kule Mbale, aliyewahi kuwa fundi wa ishara kabla ya kuletwa chuoni. Alinipa behewa la mbao na kopo la rangi. "Paka, binti," akasema, akaenda zake. Nilipaka kwa moyo wangu wote. Aliporudi, behewa lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi.

Akalishika, akaligeuza juu chini. "Hili limetoka wapi?"

"Umenipa wewe, mzee."

"Nauliza limetoka wapi. Limebeba nini? Limelala mvua ngapi?" Akanishika mkono kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati, akanipeleka mpaka kwenye yadi ya mabehewa, akaniketisha juu ya mataruma ya reli mbele ya behewa moja la pamba. "Litazame mpaka uchoke. Ukichoka, litazame tena."

Nilikaa pale asubuhi nzima. Ndipo nikaona kwamba kutu haiji ovyo. Inaanza pale maji yanapotuama, kwenye misumari na chini ya bawaba za mlango, kisha inateremka kufuata njia ya maji. Vumbi jekundu linakaa chini, karibu na magurudumu. Masizi yanakaa juu. Katikati kuna mahali mikono ya wapagazi imesugua mpaka rangi imelainika. Niliporudi chumbani nilikwangua rangi yangu yote ya harusi, nikaanza upya. Mzee Mafabi hakunisifu. Alilichukua behewa, akaliweka relini, basi. Kwa mzee yule hiyo ilikuwa sherehe.

Alinifundisha pia kwa nini tunajisumbua. Kwenye kona moja ya meza kulikuwa na mti mkubwa wa mvule, na nyuma yake mkono wa ishara uliokuwa hauonekani vizuri. Nilidhani ni kosa, nikataka kuuhamisha mti. "Uache hapo hapo," akasema. "Huo mti upo kweli. Stesheni masta anayekwenda huko lazima ajue kwamba dereva haioni ishara mpaka amefika karibu. Tukimfundisha kwenye nchi isiyo na miti, tumemfundisha kugonga." Tangu siku hiyo sijapanda mti kwa ajili ya urembo.

Kila mwaka tulisafiri kwenye njia yetu kwa treni, na mahali pengine kwa miguu, tukiwa na daftari na makopo ya tumbaku matupu. Kwenye makopo tulitia udongo. Udongo wa Jinja si wa Tororo, na wa Tororo si wa Mbale. Tukifika Mbale tulilala Malukhu kwa dada mdogo wa Mzee Mafabi, Mama Nambozo, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Asubuhi tulikaa barazani kwake tukichora jabali la Wanale, na maji yake yanayoning'inia kwenye mwamba kama uzi mweupe. Tukirudi chuoni tuliukausha udongo, tukauchekecha kwa kitambaa cha soksi, tukaunyunyizia juu ya gundi. Nchi iliyo kwenye meza ile imetengenezwa kwa nchi yenyewe. Mtu yeyote akisema ni rangi tu, mwambieni alambe.

Kisha ikaja serikali ya wanajeshi, na vitu vikaanza kuadimika dukani. Hakuna plasta, hakuna rangi, hakuna gundi. Wakubwa wakasema tusimamishe kazi mpaka hali itengemae. Sisi hatukusimama. Vilima tulivijenga kwa wavu wa kuku na magazeti yaliyochovywa kwenye uji wa muhogo. Mapaa ya mabati niliyakata kwenye tyubu za dawa ya meno zilizokwisha, nikazikwaruza mistari kwa msumari. Miti ilikuwa dodoki lililochambuliwa na kutiwa rangi ya majani yaliyochemshwa. Mafunjo ya kinamasi yalitoka kwenye brashi kuukuu ya viatu. Kutu sikuitafuta: nilikwangua kwenye mabehewa yaliyokufa, nikaisaga, nikaichanganya na ute wa yai. Nawaambia haya kwa sababu siku moja mtaletewa barua kwamba vifaa havipo. Vifaa vipo. Shida yetu ilikuwa panya, ambao kwa majuma mawili walikula Wanale kutoka chini kwenda juu kwa sababu ya ule uji wa muhogo. Tangu hapo tukawa tunatia maji ya mwarobaini.

Vita vilipofika Jinja na serikali ile ikaanguka, watu wengi walishangilia, na mimi ningeshangilia pia kama ningepata nafasi. Lakini mimi ni Mnubi. Babu yangu aliletwa nchi hii akiwa askari kutoka Sudani, na wakubwa wengi wa serikali ile walikuwa Wanubi. Baba yangu alikuwa mshona viatu, hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Hilo halikumsaidia. Watu waliotujua, waliovaa viatu alivyovishona, walikuja mchana kweupe wakabeba milango yetu na mabati yetu, wakisema tulikuwa watu wa utawala uliokwenda. Wazazi wangu wakakimbilia kwa jamaa. Mimi nikaenda kazini, maana kule walikuwa bado hawajabeba mlango.

Siku ya pili askari wa upande ulioshinda wakaingia chumba cha mfano. Walikuwa watano. Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole ule ndio ulionitisha. Alizunguka meza yote, akiinama hapa na pale.

"Hii kitu ni nini?"

"Ni ya kufundishia, afande," Mzee Mafabi akajibu. "Ni njia ya reli."

"Reli naona. Naona na daraja, naona stesheni, naona mahali watu wanaweza kujificha. Hii ni ramani ya vita. Nani alitengeneza?"

"Mimi."

"Sisi wawili," nikasema.

Yule afande akanigeukia. "Sema tena."

"Sisi wawili, afande. Yeye alijenga mbao, mimi nikajenga nchi."

"Swahili yako safi sana. Ulisoma kambi gani?" Kwetu Kiswahili kilihesabiwa lugha ya wanajeshi.

"Ni ya mama yangu, afande. Niliisoma jikoni."

"Wewe Mnubi."

Mzee Mafabi alikuwa ananitazama kwa macho ya kunisihi. Ningeweza kusema mimi ni Msoga, jina langu la Mastula lingekubalika, maana Wasoga Waislamu wapo wengi. Lakini siku ile tayari nilikuwa nimepoteza nyumba kwa sababu ya jambo hilo, na nikaona kama nitalikana bure tu, nitakuwa nimepoteza nyumba na mwenye nyumba pia.

"Ndiyo, afande. Mnubi wa Jinja. Uliza stesheni yoyote hapo, nitakwambia mti wake."

Hakuuliza. Aliwaambia wenzake neno moja tu: "Vunja." Wakaanza upande wa Tororo kwa vitako vya bunduki. Mzee Mafabi hakupiga kelele mpaka walipofika kwenye fremu ya nyenzo za kuvutia ishara, aliyoichonga mwenyewe kwa miaka miwili. Akaifunika ile fremu kwa mkono wake wa kulia. "Hii acha, afande. Hii acha." Kitako kilishuka hivyo hivyo, juu ya mkono.

Maneno niliyomwambia yule askari siyaandiki, kuna wanafunzi watasoma. Nilimsogelea mpaka kifua changu kikagusa bunduki. Sijui kwa nini hakufyatua. Yule mkubwa akasema kwa sauti yake ya upole, "Mama, nenda nyumbani." Nikamwambia nyumbani kwangu pamekwisha kubomolewa, hapa pia mmepabomoa, sasa nionyeshe pa tatu. Akanitazama kidogo, akatoka. Wenzake wakamfuata wamebeba nyaya zetu za shaba.

Vidole vitatu vya Mzee Mafabi vilivunjika. Nikavifunga kwa vipande vya mbao za meza yenyewe. Tukapanda lori la mkaa, tukaenda Malukhu kwa Mama Nambozo. Habari zilifika kabla yetu kwamba mzee amekuja na Mnubi, na siku ya tatu majirani wanaume wanne wakasimama uani. Mama Nambozo akatoka na mwiko mkononi, unga bado uko kwenye mwiko.

"Huyo mwanamke ni nani?" wakauliza.

"Mgeni wangu."

"Wanasema ni mtu wa wale."

"Ni mtu wa kaka yangu kazini, na sasa ni mtu wa jiko langu. Mwenye swali lingine alilete, nilipige na huu mwiko, turudi kula." Wakaondoka. Mmoja wao alirudi baadaye, akamletea Mama Nambozo ndizi. Nilikaa katika nyumba ile miezi mingi, na hakuna aliyeuliza tena.

Vidole vya mzee viliunga vibaya. Hakuweza tena kushika kisu wala brashi. Asubuhi moja tukiwa barazani, alinisogezea kibao cha mbao kwa mguu. "Wanale ipo mbele yako," akasema. "Mikono sasa ni yako. Macho bado ni yangu. Anza." Nikaanza. Kila nilipokosea aliguna. Tulimaliza jabali zima pale barazani, kwa udongo uliochimbwa hatua kumi kutoka tulipoketi, na majirani wakija kutuonyesha ni mwamba upi tumeusahau.

Chuo kilipofunguliwa tena tulirudi Jinja kwa treni ya kwanza tuliyoipata, na Wanale katika magunia mawili. Njiani nilichora kila nilichokiona: mabehewa yaliyoungua yamesukumwa kando, kuta za stesheni zenye matundu ya risasi, na kati ya Tororo na Mbale kalvati moja la kupitishia maji chini ya reli, lililobomoka na kuzibwa kwa mbao. Hapo treni ilipaswa kupita kwa mwendo wa mtu anayetembea, na waliweka bao la njano la kumwonya dereva. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka bao halionekani. Vyote hivyo niliviweka mezani, na nyasi pia. Mzee Mafabi alikaa kwenye stuli akiguna mpaka meza ilipokamilika. Kisha akastaafu, akarudi kwao. Alifariki Malukhu miaka michache baadaye, nami nilikuwepo kumzika.

Mkuu mpya wa chuo alikuwa Bwana Isabirye. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alitaka chuo kiinuke, na alijua wageni wa misaada wanakuja kukagua. Aliingia chumbani, akaona mabehewa yangu yaliyoungua, akakunja uso.

"Mastula, vita viliisha."

"Najua, bwana mkubwa. Lakini kalvati halijui."

"Wageni wanakuja Alhamisi. Sitaki kutu. Sitaki matundu. Paka kila kitu kipya, tuonyeshe nchi inayoendelea."

"Wageni hawaendeshi treni."

"Unakataa amri?"

"Nakataa rangi. Amri nyingine lete."

Akaniletea. Aliniamuru nikapake chokaa mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera, na chumba cha mfano akakikabidhi kwa mpaka rangi wa mjini. Nilipaka mawe yale moja moja, na kwa kuwa sijui kufanya kazi nusu, hayajawahi kuwa meupe namna ile. Wageni walipita mbele yangu, wakaingia, wakatoka, wakanywa chai. Jumatatu nilichungulia dirishani. Stesheni zote nyeupe. Mabehewa yaliyoungua yametupwa. Nyasi zimenyolewa, na bao la njano limeng'olewa pamoja nazo, kwa sababu lilikuwa na kutu.

Hapa ndipo penye kosa langu, nami naliandika. Ningeweza kwenda kwa walimu siku ile ile nikawaambia bao limeondolewa. Sikwenda. Nilikuwa na kiburi, nikasema moyoni, wacha waone wenyewe. Nikaendelea na mawe yangu.

Aliyeona alikuwa Akello. Alikuwa mwanafunzi bora wa darasa lake, binti wa askari magereza kutoka kaskazini, mwenye kusimama wima hata akiwa amekaa. Walimpeleka kwenye mazoezi katika stesheni ndogo ya njia ya Mbale. Alitoa treni ya mizigo bila kumwandikia dereva karatasi ya tahadhari ya kalvati. Dereva alikuwa mzee wa njia ile, akapunguza mwendo kwa kukumbuka tu, akapita. Kisha akaandika ripoti, kama ilivyompasa. Akello akarudishwa chuoni, na watu wakasema atafukuzwa.

Alinikuta kwenye mlingoti. Hakusalimu. "Mama Mastula, nimepiga magoti kwenye ile meza, nimetazama kila hatua. Bao la njano halipo. Nyinyi mlinifundisha njia gani?"

Nikaweka brashi chini. "Lilikuwepo. Liling'olewa, nami nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilikasirika."

Alinitazama usoni. Hakuna askari aliyewahi kunitazama hivyo. "Kulikuwa na watu sita kwenye ile treni," akasema. "Twende."

Tukaingia ofisi ya Bwana Isabirye bila kugonga, mimi nikiwa na chokaa mpaka kwenye viwiko. Akello ndiye aliyeongea. Alisimama wima, akaeleza alichofanya, alichofundishwa, na kilichokosekana mezani. Hakuomba asamehewe. Alisema, "Mnifukuze, afande, lakini rudisheni bao kabla hamjamfundisha mwingine." Alimwita afande kwa mazoea ya nyumbani kwao, na Bwana Isabirye hakumsahihisha. Mimi nikaongeza kwamba nililijua jambo hili siku nyingi, na kama kuna wa kufukuzwa tuko wawili, lakini kwanza nitamaliza kurudisha bao.

Bwana Isabirye alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alitoka nasi mpaka chumba cha mfano. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na reli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatazama njia yote ile nyeupe. Alipoinuka alionekana amezeeka kidogo.

"Mastula," akasema, "rudisha uchafu wako."

Akello hakufukuzwa. Mimi nilirudisha kutu yote kwa wiki sita, na yeye alikuja kila jioni baada ya darasa kunishikia taa na kunikosoa. Yule binti ana mguno kama wa Mzee Mafabi, sijui aliupata wapi.

Miaka ikapita, kalvati likajengwa, nikaling'oa bao la njano mwenyewe siku hiyo hiyo. Kisha treni za Mbale zenyewe zikapungua, zikakoma. Ikaja barua kutoka ofisi fulani kwamba sehemu ya Mbale iondolewe mezani, kwa kuwa haitumiki, ili ipatikane nafasi ya kompyuta. Niliijibu kwa sentensi moja: njia haijang'olewa, na mimi siing'oi. Kompyuta ziliwekwa kwenye korido, na zinafanya kazi vizuri tu kule.

Nikaendelea kwenda Mbale kila mwaka na daftari langu. Nilichora reli zikizama kwenye magugu, nikaziweka mezani zikizama. Mataruma yaliibwa, nikayatoa mezani. Watu walijenga vibanda, nikajenga vibanda. Wenzangu walicheka kwamba nachakaza kitu kilichokufa. Mimi nilikuwa naandika hali yake, ili atakayetumwa kuifufua ajue aanzie kukata wapi.

Mwezi wangu wa mwisho kazini niliwapeleka wanafunzi huko, tukatembea juu ya reli. Karibu na stesheni tulimkuta mwanamke ametandika gunia katikati ya reli mbili, na nyanya zake zimepangwa mafungu mafungu juu ya reli yenyewe. Aliona daftari, akasimama na mikono kiunoni.

"Nyinyi mnapima nini? Mmekuja kutufukuza?"

"Leo hapana, dada. Lakini treni inapita hapa."

"Treni gani, mama? Mimi nimezalia watoto wanne hapa, sijaona treni."

"Itapita. Unaitwa nani? Nataka kukuweka kwenye meza yetu."

Akacheka mpaka jirani yake akageuka. "Aidha Nandudu. Uniweke nimenona."

Nimemweka amenona. Yupo hatua tatu kabla ya stesheni ya Mbale, ana ukubwa wa punje ya maharage, amevaa kitambaa cha kijani, na nyanya zake ni mbegu za ulezi nilizozitia rangi. Vitu vyote mezani nimevibandika kwa gundi ngumu, isipokuwa yeye. Kwake nimetumia uji wa muhogo mwepesi, kwa makusudi, ili siku treni ya Mbale itakapoletwa mweze kumwinua kwa kucha bila kumvunja, mumweke kando na nyanya zake zote. Kabla ya siku hiyo, asimguse mtu.